Jina la Mtunzi na Anwani Yake

Msomaji, siku utakapofika Kitale usiache kuingia katika makumbusho ya mji ule. Msingi wake uliwekwa na Mwingereza mmoja, Luteni Kanali Hugh Stoneham, ambaye kwa muda wa maisha yake alikusanya wadudu, ndege, wanyama na vitabu, akafungua makumbusho yake binafsi mwaka 1926. Alipofariki mwaka 1966 aliiachia nchi ya Kenya mali ile kwa wasia, na mwaka 1974 jengo jipya likafunguliwa kwa umma.

Wengi huingia humo wakashangaa nyoka, wakatoka. Mimi nakusihi uwatazame vipepeo, na utazame si mabawa yao tu. Desturi ya wakusanyaji wa wadudu ulimwenguni kote ni kwamba kipepeo achomwapo pini, katika pini ile ile hutiwa kikaratasi kidogo, aghalabu si kikubwa kuliko ukucha wa kidole gumba. Juu ya kikaratasi huandikwa mahali, tarehe, na jina la aliyemkamata. Kipepeo asiye na kikaratasi ni pambo. Mwenye kikaratasi ni shahidi. Mtaalamu wa miaka mia ijayo akitaka kujua ni vipepeo gani walioruka katika mteremko wa Mlima Elgon, hatauliza mabawa, atauliza kikaratasi.

Habari nitakayokusimulia ni ya kikaratasi cha namna hiyo, ila hakina wino wala pini. Ni jina na anwani ya barua pepe ambazo mwandishi wa programu za kompyuta huziambatanisha na kila kazi anayoiweka katika daftari la matoleo. Jambo hili huonekana dogo, nami nililidharau nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, nikajuta. Lakini kabla ya kukueleza majuto yangu yafaa turudi nyuma, kwa sababu haja ya kujua ni nani aliyefanya kazi, na anapatikana wapi, haikuanza na kompyuta.

Washairi wa mwambao wetu waliijua haja hiyo zamani sana. Walipotunga tenzi kwa hati za Kiarabu, walikuwa na desturi ya kutia katika beti za mwisho jina la mtunzi, kabila au mji wake, tarehe ya kumaliza kazi, na hata hesabu ya beti. Si wote waliofanya hivyo, wala si katika kila utenzi, lakini desturi ilienea vya kutosha hata wataalamu wa leo wakipokea mswada wa zamani hukimbilia kwanza ukurasa wa mwisho. Hesabu ya beti ilikuwa na kazi maalumu. Tenzi zilienea kwa kunakiliwa kwa mkono. Mnakili akiruka ubeti kwa usingizi, au akiongeza wake kwa ujuvi, hesabu iliyotajwa ndani ya utenzi wenyewe ilimfichua. Ikumbuke hesabu hii, msomaji, maana tutakutana nayo tena katika mavazi mengine.

Tena desturi ile ilitenganisha watu wawili ambao ni rahisi kuwachanganya: aliyetunga na aliyenakili. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, hayakutufikia kwa mkono wake mwenyewe. Yalikusanywa baadaye na Mwalimu Sikujua bin Abdallah na Mwingereza W. E. Taylor, na mwaka 1940 William Hichens akayachapisha kuwa diwani. Kati ya kinywa cha Muyaka na macho yetu wamesimama watu watatu. Watu hao wanastahili shukrani zetu, walakini mashairi ni ya Muyaka. Daftari jema la kazi lazima liwe na nafasi mbili: moja ya mtunzi, nyingine ya aliyeiingiza kazi ya mtunzi katika daftari.

Huku kwetu Trans-Nzoia, babu zetu waliandikwa kwa namna nyingine. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa katika Kenya mwaka 1915, ikatekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza kwisha. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alilazimishwa kuchukua kipande. Kilikuwa karatasi yenye jina lake, mahali alikotoka, alama za vidole vyake, na habari za kazi alizofanya; na karatasi hiyo ilitiwa katika kijaluba cha bati kilichovaliwa shingoni. Mtu aliyefanya kazi katika shamba la mahindi la mlowezi hakuweza kuondoka kwenda shamba jingine mpaka mwajiri wake atie sahihi kwamba ameachiliwa. Bila sahihi alihesabiwa mtoro. Harry Thuku na wenzake walikipinga kipande katika miaka ya 1921 na 1922, lakini kilidumu mpaka mwaka 1947 ilipotungwa sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote.

Nimekitaja kipande kwa makusudi. Vijana wengi wakisikia kwamba programu inataka jina na anwani kabla ya kupokea kazi zao, huona ni usumbufu wa namna ile ile. Mimi sikubaliani nao. Katika kipande kalamu ilikuwa mkononi mwa mwajiri, na kilichoandikwa kilimfunga mfanya kazi. Katika daftari ninalokueleza kalamu imo mkononi mwako. Wewe ndiwe unayeandika jina lako, na usipoliandika hakuna wa kumlaumu.

Na anwani? Kwa miaka mingi anwani ya Mkenya imekuwa sanduku la posta. Barua hazipelekwi nyumba kwa nyumba. Hulala Kitale au Bungoma mpaka mwenyewe aende kuzichukua. Ni watu wachache walioweza kukodi sanduku lao. Wengine wote tulikuwa wageni katika masanduku ya wengine: sanduku la shule, la kanisa, la duka, la mjomba aliyeajiriwa serikalini. Sanduku moja la shule lilibeba barua za watu mamia, na kilichotofautisha barua moja na nyingine ni jina lililotangulia herufi zile S.L.P. Ukikosea jina, barua ilizunguka mikononi mwa wanafunzi wote, ikafunguliwa na asiyehusika, ikasomwa bwenini kwa vicheko. Na ulipomaliza masomo, anwani ile ilikufa kwako, ingawa sanduku liliendelea kusimama pale pale ukutani.

Mwaka 1971, huko Marekani, mhandisi Ray Tomlinson alituma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine katika mtandao wa Arpanet, akachagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la kompyuta yake. Hiyo ndiyo asili ya anwani ya barua pepe. Ukiitazama vizuri utaona ni ndugu ya S.L.P.: upande mmoja jina la mtu, upande wa pili nyumba ya barua zake.

Karibu na wakati huo huo waandishi wa programu walianza kutafuta njia ya kutunza historia ya kazi zao. Programu moja huweza kurekebishwa mara elfu na watu kumi, na lazima ijulikane ni nani aliyebadili mstari gani, lini, na kwa sababu gani. Marc Rochkind wa Bell Labs aliunda programu ya kwanza mashuhuri ya kazi hiyo mwaka 1972, iliyoitwa SCCS. Zikafuata nyingine: RCS, CVS, Subversion. Zilizotumika sana miongoni mwa hizo zilitosheka na jina alilotumia mtu kufungulia kompyuta. Jina kama hilo lilieleweka ndani ya ofisi moja. Nje ya ofisi halikuwa na maana, maana akina 'peter' ni wengi duniani.

Jambo lililobadili desturi hiyo ni kazi ya Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds, mzaliwa wa Ufini, mwaka 1991. Wajenzi wa Linux walitawanyika katika mabara yote, na wengi wao hawajapata kuonana kwa macho. Walitumiana marekebisho kwa barua pepe: mtu wa nchi moja aliandika mistari michache, akaituma, mwangalizi wa nchi nyingine akaisoma, akaipima, akaiingiza. Tangu mwaka 2002 walitunza kazi yao katika programu iitwayo BitKeeper, iliyokuwa mali ya kampuni, na mwaka 2005 ruhusa ya kuitumia bure ikaondolewa. Torvalds akaamua kutengeneza yake. Alianza tarehe 3 Aprili 2005, na tarehe 7 Aprili programu hiyo mpya, Git, ilikuwa tayari inatunza historia yake yenyewe. Siku nne! Kuna wanafunzi wangu wanaohitaji siku nne kutafuta kalamu.

Katika Git kila hatua ya kazi huwekwa kwa ingizo moja. Waandishi wa programu husema 'kukomiti'. Ingizo lina mambo haya: hali ya mafaili yote wakati ule, kitambulisho cha ingizo lililotangulia, jina la mtunzi na anwani yake ya barua pepe na saa aliyotunga, jina la aliyeingiza na anwani yake na saa aliyoingiza, na maneno ya maelezo. Unaona, msomaji? Mtunzi na mnakili wamerudi, kila mmoja na nafasi yake, kama Muyaka na Mwalimu Sikujua. Na kwa kuwa kazi ya Linux ilisafiri kwa barua pepe, ilikuwa jambo la kawaida kabisa kwamba anwani ya barua pepe iwe sehemu ya utambulisho wa mtu. Hata saa huandikwa pamoja na tofauti yake na saa ya dunia. Ingizo lililoandikwa Saboti huwa na alama +0300, kikaratasi chetu kikataja na upande wa dunia tulipo.

Kisha mambo hayo yote hupigiwa hesabu moja kubwa, na jibu lake, ambalo kwa kawaida ni herufi na tarakimu 40, ndilo huwa kitambulisho cha ingizo. Ukibadili nukta moja katika faili, jibu hubadilika. Ukibadili herufi moja katika anwani ya mtunzi, jibu hubadilika vile vile. Na kwa sababu kila ingizo hubeba kitambulisho cha lililotangulia, badiliko moja la nyuma hulazimisha vitambulisho vyote vilivyofuata vibadilike. Hii ndiyo hesabu ya beti ya wahenga wetu, imevaa mavazi mapya, nayo ni kali kuliko ile ya kwanza.

Sasa nifike kwenye majuto yangu. Katika chuo nilikosomea ualimu kompyuta zilikuwa chache, na sisi tulikuwa wengi. Mimi na mwenzangu mmoja, kijana mpole kutoka upande wa Bungoma, tulipewa kazi ya muhula mzima: kutunga programu ndogo ya kuhesabu alama za wanafunzi. Tuligawana. Yeye alifanya sehemu ngumu ya hesabu, na kila jioni aliiingiza kwa Git katika kompyuta iliyokuwa pembeni ya chumba. Mimi nilifanya kurasa za maonyesho katika kompyuta nyingine. Hakuna kati yetu aliyeuliza kompyuta zile zilimjua nani.

Muhula ulipokwisha mkufunzi aliomba historia ya kazi. Ikafunuliwa mbele ya darasa. Maingizo yangu yalikuwa na jina la kompyuta na anwani isiyoweza kupokea barua, maana Git isipoambiwa jina lako hujaribu kubahatisha kwa kutazama jina la mtumiaji na la mashine. Ya mwenzangu yalikuwa na msiba mkubwa zaidi. Yote, tangu la kwanza mpaka la mwisho, yalikuwa na jina na anwani ya mwanafunzi aliyekwisha kuondoka chuoni mwaka uliotangulia, ambaye aliweka anwani yake katika kompyuta ile na hakuna aliyeiondoa. Kwa mujibu wa daftari, kijana aliyekesha majuma kumi hakufanya lolote, na mtu ambaye hakuwapo alifanya yote.

Mkufunzi hakuwa mtu mbaya, lakini alisema neno ambalo ni gumu kulijibu: "Daftari halina jina lako." Mwenzangu hakulia. Alikaa kimya, na kimya chake kiliniuma kuliko kilio. Siku tatu zilipita kabla hajaruhusiwa kujitetea, akaeleza kila mstari wa kazi yake bila kutazama karatasi, ndipo akapewa alama zake. Kama angekuwa mtu wa kubabaika asingezipata.

Kosa lilikuwa wapi? Git huisoma anwani ya mtunzi kutoka mahali patatu. Pa kwanza ni mipangilio ya kompyuta nzima, inayowahusu wote waitumiao. Pa pili ni mipangilio ya mtumiaji mmoja, iliyomo katika folda yake ya nyumbani. Pa tatu ni mipangilio ya kazi moja tu, iliyomo ndani ya folda ya kazi yenyewe. Zikigongana, ya karibu zaidi na kazi ndiyo hushinda. Katika chumba chetu wanafunzi wote walifungua kompyuta kwa jina moja la mtumiaji, kwa hiyo folda ya nyumbani ilikuwa ya kila mtu, kama lile sanduku la posta la shule. Na aliyetangulia kuandika jina lake alituandikia sote.

Dawa yake ni amri mbili fupi. Ukiandika git config user.name, ukafuatisha jina lako ndani ya alama za kunukulu, na git config user.email, ukafuatisha anwani yako, ukiwa ndani ya folda ya kazi, umejitambulisha kwa kazi ile tu. Ukitia neno --global baada ya neno config, umejitambulisha kwa kazi zako zote katika kompyuta hiyo. Hilo lifanye katika kompyuta iliyo yako mwenyewe. Ukiandika git config user.email bila kuongeza kitu, Git itakutajia anwani inayoitumia sasa. Tangu mwaka 2016 kuna pia mpangilio, user.useConfigOnly, unaoikataza Git isibahatishe: isipopewa anwani, inakataa kazi. Mimi naupenda ukali huo.

Waweza kuuliza kwa nini hatukurekebisha yaliyopita. Tulijaribu. Ingizo la mwisho pekee hurekebishwa kwa urahisi, lakini ya nyuma yakibadilishwa anwani, vitambulisho vyote hubadilika, kama nilivyokwisha kueleza, na nakala iliyo kwa mwenzako haipatani tena na yako. Kwa watu wawili ni taabu; kwa watu mia ni vurugu. Kwa hiyo watu wenye busara huiacha historia ilivyo, kisha huweka faili iitwayo .mailmap, ambamo kila mstari husema: anwani fulani ya zamani ni ya mtu fulani, na jina lake sahihi ni hili. Git isomapo historia kwa ajili ya kuionyesha huweza kutumia mistari hiyo. Kipepeo hachomolewi pini. Kando yake huwekwa kikaratasi cha pili. Hivyo ndivyo tulivyofanya, na jina la mwenzangu likaonekana.

Nisikufiche kwamba jambo hili lina upande wa pili. Git haithibitishi anwani uliyoiandika. Mtu mwovu aweza kuandika ya kwako akatenda ubaya kwa jina lako, na ndiyo sababu tangu mwaka 2012 Git imeruhusu maingizo kutiwa saini za siri ambazo mwingine hawezi kuziiga. Tena kazi ikiwekwa hadharani, anwani yako huwa hadharani nayo, na haifutiki kwa urahisi. Watuma matangazo na matapeli huzivuna anwani hizo kama njugu. GitHub, nyumba kubwa ya kazi za Git iliyofunguliwa mwaka 2008, humruhusu mtu atumie anwani ya badala isiyofichua ile ya kweli, na kazi bado huhesabiwa kuwa yake. Kwa kijana wa shule nashauri atumie hiyo.

Kuna nyakati ambapo kutokutajwa ni kinga ya uhai. Mwezi Januari 2008, nchi yetu ilipokuwa ikiwaka moto baada ya uchaguzi, Wakenya wachache, miongoni mwao Ory Okolloh, Juliana Rotich na David Kobia, pamoja na Erik Hersman, waliunda kwa siku chache programu iitwayo Ushahidi. Raia alituma habari ya ghasia kwa simu au kwa barua pepe, na habari ikawekwa katika ramani. Sisi wa mteremko wa Mlima Elgon, ambako mapigano ya ardhi yalikuwa yameanza tangu mwaka 2006, hatuhitaji kufundishwa kwa nini shahidi wa mambo kama hayo huenda asitake jina lake lisomwe. Lakini mistari ya programu yenyewe ilitolewa wazi, watu wa nchi nyingine wakaichukua na kuitumia katika misiba yao. Mjenzi wa daraja lazima ajulikane, ili likitikisika aulizwe; avukaye daraja usiku kwa kukimbia adui ana haki ya kupita bila kutajwa. Atakayechanganya watu hao wawili atamdhuru mmoja wao.

Leo mimi ni mwalimu, na kompyuta za wanafunzi wangu bado ni chache kuliko vichwa vyao. Siku ya kwanza ya somo hili sifundishi kutunga chochote. Kila mmoja huingia katika folda yake na kuandika zile amri mbili, kisha huuliza Git inamjua nani, naye hunisomea jibu kwa sauti. Mwaka mmoja msichana wa kidato cha pili, mtoto wa mkulima wa Saboti, alibaki amesimama. Akasema, "Mwalimu, mimi sina anwani ya barua pepe. Nyumbani hakuna aliye nayo." Mwenzake akajitolea kumwazima yake. Nikakataa. Nilimwambia aandike majina yake matatu kama yalivyo katika cheti cha kuzaliwa, na mahali pa anwani aweke ya shule, kwa idhini ya mwalimu mkuu, kama sisi tulivyotumia sanduku la shule zamani zetu. Siku atakapopata yake, mstari mmoja katika .mailmap utaziunganisha. Akaandika, akauliza, akanisomea jibu. Ndipo tukaanza somo.